Panga la marehemu baba limevunjika mpini: nichonge mti gani, na ribiti ziwe za nini?

MtuWaIlemi (mwenye uzi), Machi

Wakuu, habari za mvua huko mliko. Mbeya leo ni siku ya nne jua halijaonekana, shamba halilimiki, nikaona nikae niandike jambo hili ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita.

Nina panga la marehemu baba. Alilinunua miaka ya 1980, enzi ambazo kiwanda cha Zana za Kilimo kilikuwa hapa hapa Mbeya. Amelifyekea kahawa, amelikatia migomba, amelichongea vigingi vya kufungia ng'ombe. Bapa limeliwa na tupa kiasi kwamba upande wa mbele limebaki kama nusu ya upana wake, lakini chuma bado ni kile kile. Ukiligonga kwa ukucha linalia. Ukilinoa asubuhi, makali unayo mpaka jioni. Nimenunua mapanga mapya mawili ndani ya miaka mitatu na hakuna linalolifikia.

Mpini wa kwanza ulidumu mpaka baba alipoacha kwenda shamba. Wa pili niliuweka mimi mwaka juzi kwa fundi mmoja wa mjini, na huo ndio umenifikisha kwenu. Alinichongea mkaratusi, akapaka vanishi, ukang'aa kweli kweli. Ilipofika Agosti, ule ukavu wetu na upepo, nikaona nafasi imeingia kati ya mti na chuma, unaweza kupitisha kadi ya simu. Ribiti, zile pini zinazobana mpini kwenye chuma, zikaanza kucheza. Nikafunga kamba ya mpira nikaendelea. Mwezi wa pili mwaka huu nafyeka matete kando ya mfereji, kipande cha kushoto kikapasuka kutoka ribiti ya kwanza hadi ya mwisho, na panga lilipogonga shina ule ufa ukafunguka ukajifunga tena na nyama ya kiganja changu ndani yake. Alama ninayo hapa chini ya kidole gumba.

Nilipoung'oa nilikuta kitu ambacho sikukitegemea. Chuma kilichokuwa ndani ya mpini kilikuwa cheusi kama wino, na kuzunguka matundu ya ribiti kutu imekula vishimo. Yaani panga lilikuwa linaoza sehemu ambayo sikuwa naiona.

Sitaki kulitupa, na sitaki kulikosea mara ya tatu. Naombeni wanaojua: mti gani, ribiti za nini, na nifanyeje na huo weusi?

FundiJiliwa

Pole sana mkuu, na pole ya mkono.

Kabla hujauliza mti gani, uliza mti uliokaushwa vipi. Hapo ndipo mipini mingi inapokufa. Mti mbichi ukichongwa leo unakaa umependeza, kisha kiangazi kikiingia unasinyaa, na hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu haupungui kiasi cha kuonekana. Kutoka moyoni kwenda kwenye ganda unapungua kiasi, na kuzunguka pete za mti unapungua karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana kipande kinapinda, kinaachia chuma, tundu la ribiti linageuka yai. Chuma hakisinyai. Kimoja kikitembea na kingine kimesimama, lazima kitu kipasuke.

Mkaratusi una nguvu, sitausema vibaya, kwa nguzo na mapaa ni sawa. Ila nyuzi zake hujisokota, unapasuka ovyo ukikauka, na una tanini nyingi. Tanini ni ile ile inayotolewa kwenye maganda ya miwati kule Njombe kwa ajili ya kusindika ngozi. Ikikutana na chuma penye unyevu inatoa rangi nyeusi, na huo ndio wino uliouona. Mti mbichi, wenye tanini, umefunikwa vanishi juu ili maji yasitoke: kutu ilikuwa imeandaliwa makazi.

Kusafisha: brashi ya waya kwanza, kisha lowesha sehemu ile ya mpini tu kwenye siki au maji ya ndimu usiku mmoja. Asubuhi sugua, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ile asidi, kausha hapo hapo juani. Vishimo vitabaki, usihangaike navyo, muhimu ni kutu isiwe hai.

Msindano, yaani paina, usiufikirie. Mbao za shamba la miti la Sao Hill zinajenga nchi, lakini msindano ni laini, ribiti inazama ndani yake kama kidole kwenye ugali.

KijanaWaChimala

Shikamoo mafundi. Huku kwetu Usangu mipini tunachonga mkwaju, ile sehemu nyeusi ya ndani. Ni mzito na mgumu, tupa inalia, lakini ukishakaa umekaa. Baba yangu mdogo ana shoka la mkwaju nimelikuta nikiwa mtoto.

Halafu pembe ya ng'ombe vipi? Machinjioni zinatupwa tu.

FundiJiliwa

Marahaba kijana wangu. Mkwaju ni sahihi kabisa, hasa kiini chake. Huo weupe wa nje acha, wadudu wanaupenda.

Pembe ya ng'ombe inafaa, lakini zaidi kwa kisu. Sehemu ya ncha ndiyo nene, huko chini ni ganda tupu. Ukiichemsha muda mrefu inalainika, unaibana kati ya mbao mbili kwenye jiliwa, kile kifaa cha fundi cha kubania, mpaka ipoe, inabaki bapa. Kasoro yake ni kwamba inakunywa unyevu na kupinda tena kama hukuibana vizuri, na ukiichoma na msasa wa mashine inanuka kama nywele zilizoungua, kwa sababu kimsingi ni kitu kimoja na nywele na kucha. Kwa panga la kupiga mashina siiamini. Itapasuka kwenye tabaka.

Kamwene_Iringa

Kamweneni. Naomba niongeze moja hapo kwenye pembe kabla mtu hajapata matatizo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, sawa. Ila huku Iringa, karibu na Ruaha, utakuta mtu anakuletea pembe ya tandala au kipande cha jino la kiboko anakwambia "niliokota porini". Kuokota sio kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu hiyo kuwa nyara ya serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa lenye kifungo. Hakuna mpini wa thamani hiyo.

Kuhusu mti: pitia kwa maseremala uombe vipande vya mninga vinavyobaki kwenye vitanda na makabati. Mninga hautembei sana ukishakauka, ndiyo sifa yake kubwa, na kile kipande tayari kimeshakaushwa na mwenye karakana.

MakambakoStendi

Wakuu mnajichosha. Mimi langu nilipeleka kwa wale wanaoyeyusha masufuria, wakamimina mpini wa alumini moja kwa moja juu ya chuma. Hakuna ribiti, hakuna kusinyaa. Mwaka wa pili huu.

FundiJiliwa

Kaka, kwa upanga wa kufyekea nyasi laini utadumu, sikatai. Lakini angalia mambo mawili. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660. Chuma cha panga kimetiwa ugumu, na kikipashwa moto upya kinaanza kuupoteza mapema sana: rangi ya manjano kama majani makavu unaiona kwenye nyuzi 220 hivi, na ikifika buluu, karibu 300, ugumu wa makali umeshapungua. Ukimimina alumini pale nyuma, joto linatembea kuja mbele. Kama walifunga bapa kwa matambara mabichi, sawa. Kama hawakufunga, vidole vinne vya kwanza vya makali yako ni laini, chunguza utaona yanajikunja.

Ndiyo maana hata ukitaka kupasha ule mkia wa kisu uuchome uingie ndani ya mpini, chomeka bapa kwenye kiazi kibichi kikubwa kwanza. Kiazi kina maji, kinakula joto kabla halijafika kwenye makali. Viazi Mbeya na Njombe havijawahi kutuishia.

La pili, shika mpini wa alumini saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa sita pale Uyole, kisha uje uniambie.

MakambakoStendi

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Ni kweli, karibu na mpini makali yanajikunja, nilidhani ni jiwe langu la kunolea. Asante fundi.

MamaMigomba

Ndaga fijo, asanteni sana, kwa uzi huu, nimeusoma wote nikiwa Tukuyu mvua inanyesha kama kawaida yetu.

Nyote mnaongelea mti, hakuna aliyeongelea mkono. Mimi nakata ndizi karibu kila wiki, na utomvu wa mgomba ukikauka kwenye mpini wenye vanishi unateleza ukiwa na maji, unanata ukiwa mkavu. Vanishi ni ya kabati. Mpini wa kazi usuguliwe msasa wa kati tu, usifikie kung'aa, kisha mafuta. Unashika wenyewe.

Na unene. Mapanga ya dukani mipini yake imetengenezewa mkono wa mwanaume mwenye vidole virefu. Nilifanya kazi miaka na mpini ambao vidole vyangu havikuwa vinafika, jioni mkono umekufa ganzi, nikidhani ni uzee. Mjomba wangu aliupunguza kwa randa. Kipimo alichonifundisha: ukiufumbata, ncha ya kidole cha kati ikaribie kugusa nyama ya chini ya gumba, isiguse kabisa. Ikigusa mpini ni mwembamba, utakuzunguka mkononi. Ikiwa mbali ni mnene, utakuchosha. Na usiwe mviringo kama mchi. Uwe kama yai lililobanwa, ili hata gizani mkono ujue makali yameelekea wapi. Mwisho kabisa acha kinundu cha kuzuia kidole kidogo, hicho ndicho kinachozuia panga lisiruke ukiwa umelowa.

Mti wangu ni mpera. Kila nyumba inao, hakuna anayeuthamini.

FundiJiliwa

Mama, umeandika kuliko sisi wote. Naunga mkono mpera kwa asilimia zote. Nyuzi zake zimesukwa, haupasuki kirahisi, na unameza mshtuko. Mbuni pia, yaani mti wa kahawa, ile mizee ya Mbozi na Rungwe inayokatwa visiki, mti wake ni mgumu sana na laini kwa kushika, shida yake ni wembamba tu.

MtuWaIlemi, mninga alioshauri Kamwene ni mzuri na utakaa bila kutembea, ningeuchagua kwa kisu cha jikoni au cha kuchinjia. Kwa panga la kupiga mashina, chukua mpera. Mpingo nao ni mgumu mno kwa kazi hii: unazama majini, unavunja keekee ya kutobolea, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Uache kwa wachonga filimbi na vinyago.

Pasua kwa kabari, usipasue kwa msumeno. Kabari inafuata nyuzi, msumeno unazikata. Kipande ambacho nyuzi zake zinatoka nje ya mpini katikati, ufa wake umeshaanza siku hiyo hiyo. Tupa ile nyama laini ya moyo. Ncha zote mbili zipake nta au rangi siku hiyo hiyo, maana maji hukimbilia kwenye ncha, na ncha zikikauka haraka kuliko tumbo zinapasuka.

MtuWaIlemi, Juni

Wakuu, sijapotea. Nimeshughulika na mti.

Nilikwenda kwa shangazi, Tukuyu, ambako mpera mmoja ulikuwa umeangukiwa na tawi la mparachichi na wenyewe walitaka kuupeleka jikoni. Shina lake lilikuwa nene kama paja la mtoto wa miaka kumi. Nikalipasua kwa kabari, vikatoka vipande vinne vizuri, unene wa inchi moja kila kimoja, vingine vyote vikaenda kwenye moto. Ncha nikazipaka nta ya nyuki.

Nimeviweka darini juu ya jiko la kuni, mbali na mwali, vimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite. Na hapa nimejifunza jambo ambalo nataka kila mtu alijue. Badala ya kubahatisha, nachukua mizani ya dukani kwa jirani kila Jumamosi napima vyote vinne pamoja, naandika kwa chaki ukutani. Siku ya kwanza vilikuwa kilo 2.4. Aprili yote vilishuka taratibu kwa sababu ya mvua. Mei vikaporomoka. Leo viko kilo 1.7. Bado vinashuka, kwa hiyo bado ni vibichi, ingawa ukivishika unaapa vimekauka. Mwaka juzi ningeshachonga zamani.

Kimoja kimepinda kama upinde. Kimenionyesha mapema, kabla hakijafika kwenye panga.

Swali: ribiti. Nina misumari, nina vipande vya fimbo za kuchomelea, na fundi friji kanipa mrija wa shaba wa robo inchi.

FundiJiliwa

Msumari utapata kutu. Fimbo ya kuchomelea ya milimita 4, ukiigonga lile gamba lote likatoka, ni chuma laini kinachopigika vizuri, ila kutu nayo utaiona ukiacha panga nje. Mrija wa shaba usiutegemee kushika peke yake, una ganda jembamba. Utumie kwenye tundu la nyuma kabisa, upitishe kamba ya mkononi. Ribiti zenyewe ningechukua shaba nzima isiyo na tundu ndani, nyekundu au ya njano, unene wa milimita 4 au 5 kulingana na tundu la panga lako.

Shaba nyekundu ipashe moto mpaka iwe nyekundu, hata ukiitia majini inabaki laini. Haifanyi kama chuma. Tundu la mti liwe linapitisha ribiti kwa mkono bila nyundo. Ukiipigilia kwenye tundu linalobana, inavimba ndani na inaupasua mti kutoka tumboni. Acha ichomoze kila upande kiasi cha unene wake wenyewe, weka washa, kile kipete bapa chenye tundu, kisha gonga pole pole kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, ukizunguka kutoka katikati kwenda nje. Vipigo vingi vidogo. Ukisikia hamu ya kupiga kwa nguvu, weka nyundo chini unywe chai.

KijanaWaChimala

Mzee samahani, bolti na nati hazifai? Huku joto, mti unacheza, mimi nazikaza kila Septemba.

FundiJiliwa

Zinafaa, na kwa Usangu kwenye ukavu ule ni akili nzuri. Zifukie kichwa zisiumize mkono, basi.

Kamwene_Iringa

Mafuta gani? Kwetu alizeti ni bure karibu.

MamaMigomba

Alizeti inakubali, mwanangu, ila inachukua siku nyingi kukauka, paka kidogo mno na ufute. Ya kitani ndiyo inayokauka kweli ikawa ganda. Ya nazi na ya parachichi hayakauki, yatabaki kuteleza na kuvuta vumbi. Mimi nachanganya na nta ya nyuki kidogo kwenye moto mdogo.

FundiJiliwa

Na tafadhali sana: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye kona ya karakana. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na kwenye kitambaa kilichokunjwa joto halina pa kutokea. Kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje juani, kikikakamaa ndipo ukitupe.

MtuWaIlemi, Oktoba

Ndugu zangu, panga limekamilika wiki mbili zilizopita, nikasubiri nilitumie kwanza ndipo niandike.

Vipande viligoma kushuka uzito mwishoni mwa Agosti. Jumamosi tatu mfululizo chaki iliandika kilo 1.5. Nikachagua viwili vilivyotoka ubavu mmoja wa shina ili hata vikitembea vitembee pamoja. Chuma nilikisafisha kwa ndimu kama ulivyosema fundi, nikapaka nta nyembamba pale mti utakapolalia.

Kulalisha mti kwenye chuma kumenichukua muda kuliko yote. Nilikuwa napaka masizi ya chungu kwenye chuma, nabana kipande, nakiondoa, naangalia masizi yamegusa wapi, natoa pale palipogusa kwa msasa uliogundishwa kwenye kioo. Mara ya kwanza yaligusa sehemu mbili tu, kama sarafu mbili. Niliendelea hivyo mpaka jioni ya siku ya pili, mti ukawa mweusi kote. Nikashika panga dhidi ya taa nikatazama kwenye kiungo: hakuna mwanga unaopita. Nikaelewa kwamba ule mpini wa mkaratusi haukuwahi kuwa umelala juu ya chuma hata siku ya kwanza. Vanishi ilikuwa imeziba tu.

Ribiti mbili za shaba nyekundu mbele na katikati, mrija wa fundi friji nyuma. Moja ya mbele niliiacha ndefu mno, ikalala upande badala ya kuvimba, nikaikata nikaanza upya. Unene nimepima kwa mkono wangu kwa kipimo cha Mama Migomba, na kinundu cha nyuma nimekichonga kikubwa kidogo.

Juzi nimefyeka matete yale yale kando ya mfereji, kuanzia asubuhi mpaka saa sita. Mkono haukufa ganzi. Mdogo wangu alipolishika, akalinyanyua mara mbili akasema, "Hili limekuwa jepesi." Uzito haujapungua, nimelipima.

Mvua zinaanza mwezi ujao, kwa hiyo mtihani bado. Nitaleta taarifa Februari jinsi kiungo kilivyo.

MamaMigomba

Hongera sana baba. Vile vipande viwili vilivyobaki umevipeleka wapi?

MtuWaIlemi

Kile kilichopinda shangazi amekichukua jikoni, Mama. Kilichonyooka bado kiko darini. Mdogo wangu ameleta nyengo ya babu, lile panga la kupinda, ambayo haina mpini kabisa, wiki hii nalowesha chuma chake kwenye ndimu.